Mama si Gesti

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo huko uliko. Ni mimi, mwanao wa mwisho, yule uliyesema mdomo wake ulizaliwa kabla yake. Nimerudi Matombo. Nimeendesha malori mpaka Lusaka na Lubumbashi, nimetukanwa mipakani kwa lugha sita na nikajibu kwa saba, lakini kazi ya kujivunia nimeifanya hapa: nimeifufua nyumba yako.

Huamini, eh? Mtoto aliyeishia darasa la tano! Fito zilizooza nimezitoa, nikafunga mpya, nikakandika upya kwa udongo mwekundu wa kule mtoni. Fundi alitaka kuweka vigae sakafuni, nikamwambia ashike adabu. Sakafu nimeisiriba mwenyewe kwa viganja, vile ulivyokuwa ukifanya Jumamosi ukishatufukuza wote nje. Unakumbuka siku niliyoikanyaga ikiwa mbichi? Ulinikimbiza mpaka kwenye migomba, ukashindwa kunipiga kwa kicheko. "We mtoto, hata mguu wako una kelele!"

Nia yangu ilikuwa watu wa mjini waje kupanga siku mbili tatu, wale ndizi zetu, niwapeleke kuliona kanisa la zamani la misheni. Dada Skola akakataa. Na kwetu unajua, nyumba ya mama ni ya binti. Sisi wa kiume ni wapita njia.

"Umerudi na kofia ya Lusaka na akili ya gesti za madereva Mikese," akaniambia. "Mama si gesti. Mtu alale chumbani kwake, anamjua?"

Nilimbembeleza wiki nzima. Mwishowe akanipa jaribio moja tu: wageni wa kwanza. Wasipomridhisha, anaibomoa, anajenga ya tofali.

Wakaja mzee mmoja na mkewe, walimu wastaafu kutoka Dar. Nikawatembeza misheni, dada akifuata nyuma amenuna. Nikawaonyesha kuta nene za mawe na makaburi ya mapadri wa zamani, nikawaeleza jinsi bibi yako alivyobeba mawe yale kichwani. Nikamwongezea mawe kidogo, si unanijua.

Mzee akauliza, "Hivi Matombo maana yake nini?"

Mama wee! Neno lile nilitamke mbele ya dada yangu, tena mlangoni pa kanisa? Nikalifunika kwa Kiswahili: "Maana yake maziwa, mzee."

"Ahaa! Na ng'ombe mnafugia wapi?"

Nikaanza kumtafutia ng'ombe. Nikanyoosha kidole ng'ambo ya bonde, nikasema wamepelekwa malishoni. Ng'ombe, Mama, kwenye miteremko ile ambayo hata mbuzi anashuka kwa makalio! Dada akapasuka kicheko mpaka akashika ukuta.

"Muongo huyu! Si ya ng'ombe, baba. Ni haya," akajigusa kifuani bila aibu. "Tazama vile vilima viwili. Sisi tumenyonyeshwa na mlima."

Mzee alicheka hadi akavua miwani. Mkewe hakucheka. Alivitazama vilima, kisha akamuuliza dada, "Na mama yenu alikuwaje?"

Tangu tukuzike, hakuna aliyemuuliza Skola swali hilo. Akaanza palepale, akaendelea njia nzima, akaendelea jikoni wakimenya ndizi na yule mama: ukali wako, nyimbo zako, kuku uliokuwa ukiwaita kwa majina ya mawifi zako. Mimi nilikaa kimya. Kumbuka nimekwambia nilikaa kimya, maana hapa kijijini hawasadiki.

Asubuhi ya kuondoka, mzee akaja kuomba siku mbili zaidi. Nikamtazama dada, moyo unanikimbia kama lori lililokatika breki kwenye mteremko wa Kitonga.

"Wakae," akasema, wala hakugeuka. "Bado sijafika alipoolewa."

Nakuaga, Mama. Naitwa nikateke maji. Mwenye nyumba amepatikana, nami ndiye kibarua wake. Lala vizuri.

Kitindamimba wako