Upepo Kwenye Breki za Baba

Dada yangu,

Huku wote wazima, na Mama anauliza kama ile sweta ilikutosha. Mimi nina habari tamu zaidi.

Unajua tangu niache chuo nikaingia gereji, Baba hanisemeshi. Miezi minane, maneno yote yanapitia kwa Mama. Jumamosi akamwambia, nami nimesimama palepale, "Mwambie mwanao pedali ya breki ya gari langu imelegea, inazama mpaka chini."

Nikakagua magurudumu yote, hakuna panapovuja. Nikaikanyaga pedali harakaharaka mara tatu, ikapanda. Hapo nikajua: waliobadilisha mpira wa breki wiki iliyopita waliacha upepo ndani ya mafuta ya breki. Kuutoa ni kazi ya watu wawili, mmoja akanyage, mwingine alale chini afungue nati ya kutolea upepo. Mama akasema goti linamuuma. Goti lipi, hakusema.

Basi Baba akaketi kwenye usukani, mimi nikaingia chini.

"Kanyaga, Baba. Shikilia."

Akakanyaga tu. Nikamwambia sifungui nati mpaka nijibiwe.

"Nimeshikilia," akasema.

Mapovu yakamiminika kwenye chupa niliyokinga. Kufika gurudumu la tatu, akawa anauliza mwenyewe, "Tena, fundi?"

Fundi, Dada. Mimi.

Sasa pedali ni ngumu kama jiwe. Ila nakuambia wewe peke yako: upepo uliisha kwenye gurudumu la pili. Yale mawili ya mwisho nilitaka tu kumsikia akinijibu.

Mdogo wako, grisi hadi masikioni