Nailoni ya Kambare

Sigalame, 19 Juni 1994

Kaka Ogendo,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mama kifua kimembana tangu baridi hii ianze. Wewe huko Malaba u mzima?

Kambare wako wanaendelea. Kila Jumamosi naingia bwawani kuwatenga wakubwa, wasiwameze wadogo. Lakini paa la mama linavuja juu ya kitanda kabisa, kwa hiyo ile karatasi ya nailoni uliyoleta ya kufunika bwawa nimemfungia yeye juu. Usikasirike.

Dada yako,
Apondi

Malaba, 27 Juni 1994

Dada Apondi,

Nakusalimu, na mama pia, pole yake. Mimi mzima, malori ni mengi tu hapa mpakani.

Sasa dada, mbona unaniharibia? Bwana samaki aliniambia wazi: kambare wadogo wakipigwa na baridi wanaisha wote. Hiyo nailoni irudi bwawani leo hii. Agosti wachuuzi wa Uganda wanawachukua pale Busia, na pesa hizo ndizo mabati ya paa la mama. Avumilie mwezi mmoja. Si ni kwa faida yake?

Kaka yako,
Ogendo

Sigalame, 9 Julai 1994

Kaka,

Habari za huko? Sisi si wazima, sitakudanganya. Nilimsomea mama barua yako, nilipofika pa nailoni nikaruka. Akasema, "Apondi, umeruka kitu." Ikabidi nisome. Alipanda kitandani mwenyewe, na kikohozi chake, akaanza kufungua kamba. "Ogendo amesema," basi. Mimi ninayemwogesha sijawahi kusikizwa hivyo, na iliniuma.

Samaki wamefunikwa. Mama nimemhamishia jikoni, na huko nako kunavuja. Njoo umwone. Malaba si Ulaya.

Dada yako,
Apondi

Malaba, 20 Julai 1994

Dada,

Hamjambo? Asante kwa nailoni, sasa tumeelewana. Chakula punguza, kwenye baridi kambare hali sana, na makombo yakioza yanachafua maji. Waangalie kila asubuhi.

Kuja siwezi, bosi hatoi ruhusa. Nikija Agosti nakuja na mabati. Mwambie mama ajikaze.

Kaka yako,
Ogendo

Sigalame, 31 Julai 1994

Ogendo,

Salamu leo sina. Alhamisi jirani yetu Bwire alimbeba mama kwa baiskeli hadi hospitali ya Nangina. Jana alitutoka, na leo asubuhi tumemleta nyumbani. Barua hii anakuletea Bwire mwenyewe. Rudi naye, wazee wanakungoja wewe ndipo kaburi lichimbwe. Bosi wako mwambie unavyotaka.

Kambare wako hajafa hata mmoja. Wazee walitaka tuwavue tuwalishe waombolezaji, nikakataa. Nimewaambia hayo ni mabati ya mama, hayaliwi.

Nailoni nimeitoa bwawani. Jeneza liko nje na mvua haijaacha, nimelifunika nayo. Samaki wakiona baridi, utakuja uwafunike wewe.

Mtoto wa mama,
Apondi