Barabara Aliyopita Masalu

Kongo Mashariki
Jumapili

Tata waitu, baba yangu, shikamoo.

Mimi ni mzima na ninakula vizuri, ingawa ndizi za huku wanazipika ngumu, mama angezirudisha jikoni. Kahawa ya hapo nyumbani Ijumbi mmeshaanika?

Kikosi chetu cha wahandisi kimemaliza barabara. Zilikuwa kilomita sita za tope kutoka hospitali ya kijiji hadi barabara kuu, na waasi walituporomoshea mabomu kutoka mlimani kila mvua ilipokatika. Kwa hiyo tulizoea kufanya kazi mvua ikinyesha.

Jumatano Sajenti Masalu, yule aliyenifundisha kuendesha buldoza, alikuwa akikagua njia mbele yangu. Akakanyaga bomu lililofukiwa. Amefariki, Tata. Mama usimwambie kwamba nilikuwa karibu. Mwili ulihifadhiwa hospitalini, maana hakuna gari lililoweza kutoka.

Kamanda aliniambia, "Lilian, shuka, apande mwingine."

Nikamjibu, "Afande, aliyebaki anayeijua mashine hii ni mimi."

Nikawasha injini, udongo ukaanza kusogea. Wenzangu walikagua kila hatua mbele yangu, nami nikasukuma nyuma yao kwa siku tatu. Jana mchana nilizima injini kwenye barabara kuu.

Gari la kwanza kupita lilimbeba Masalu, anarudishwa nyumbani. Nilisimama pembeni nikapiga saluti, huku nikiyatazama magurudumu. Hayakukwama hata mara moja.

Mwanao,
Koplo Lilian Rugaibula