Daraja Lililopunguzwa Nyaya Mkutanoni

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijamrushia mtu kikombe cha kahawa. Mimi ni mhandisi, ndiye niliyechora daraja jipya la mjini kwetu juu ya mto Maas, lile la mnara mmoja na nyaya nene za chuma zinazoshuka kutoka juu kuishika barabara, na nilianza na nyaya ishirini na nne, lakini unatujua tulivyo, hakijengwi kitu mpaka kila mtu aridhike, basi mkutano wa kwanza Bi Hendrikje anayeishi kwenye boti akalalamika nyaya zinamzibia machweo, tukatoa mbili, wa pili mwenye mkahawa akasema zitawadondoshea wateja wake barafu, tukatoa mbili, wa tatu mtu akasema tu kwamba ni nyingi, mbili tena, na kila mara bosi wangu Roelof ananinong'oneza, "Wietske, mbili tu jamani, usituharibie kikao," nami naitikia kwa aibu, maana kwetu anayekataa peke yake huonekana ana majivuno.

Sasa zimebaki kumi na nane, na hesabu zangu zinasema zisipungue ishirini, la sivyo ukifungua waya mmoja kuubadilisha, nyaya za jirani zitazidiwa na mzigo. Nilipolisema hilo Roelof akasimama akacheka: "Wewe unataka ishirini, wakazi wanataka kumi na sita. Kumi na nane ni haki kwa wote!" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Ijumaa natakiwa kutia saini. Nikikataa, vikao vya miaka mitatu vimekufa na mchawi ni mimi. Nikikubali, binti yangu atapita hapo kwa baiskeli kila asubuhi. Nifanyeje?

Wietske

Wietske, pole. Pole yenyewe imeishia hapo, sasa nikuseme.

Tangu lini uzito ukapigiwa kura? Roelof ana makosa, sikatai, lakini zile mbili za kwanza nani alizitoa? Si wewe? Uliwaonyesha watu kwamba nyaya zinagawanywa kama biskuti, leo unashangaa wakinyoosha mikono! Mficha uchi hazai, mama. Aibu yako ndiyo iliyotufikisha hapa.

Saini usitie. Leo hii, si Alhamisi, mwandikie Roelof na halmashauri ukurasa mmoja: nyaya ishirini, chini ya hapo sitii saini, hesabu hizi hapa, mhandisi yeyote wa nje na azikague. Kisha beba keki uende kwa Bi Hendrikje mwenyewe. Mwambie wazi kwamba boti inasogea, waya hausogei. Wakazi waachie rangi, taa na mabenchi wabishane hata miaka mitatu mingine.

Watakununia, ndiyo. Nunianeni. Na Roelof akisema umeharibu kikao, usibishane naye. Msogezee ule mchoro wa nyaya kumi na nane, mwekee kalamu juu yake, mwambie, "Haya bosi, andika jina lako." Kaa umwangalie kama ataigusa.