Aibu Ambayo Haikuwapo

S.L.P. 41,
Msambweni, Kwale.
12 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Mwanarusi,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Maskati? Joto limepungua, au bado linakuandama? Na macho je, yamepata nafuu? Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, ili usilazimike kumwita mtu akusomee siri zetu.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Goti la Baba limepata nafuu tangu aanze kukandwa. Sasa anakwenda msikitini mwenyewe, na anamfokea yeyote anayejaribu kumshika mkono. Mdogo wangu Ummi amejifungua mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti ya ajabu. Mpaka jirani wa nyumba ya tatu anazijua saa zake za kunyonya.

Barua hii anakuletea Luqman, aliyepata safari ya kuja huko, pamoja na korosho za kwetu. Ukiuona mfuko umekwisha kufunguliwa, usimwulize sana. Safari ni ndefu.

Uliponipigia simu siku ya Idi uliniuliza, huku ukicheka, kama ni kweli serikali inanilipa ili niende kuwauliza watu maswali majumbani mwao. Simu ilikatika kabla sijajibu. Nakujibu sasa: ndiyo, Shangazi, tena tangu wiki mbili tu zilizopita. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Wajua kuwa huu ni mwaka wangu wa sita nikiwa afisa wa ustawi wa jamii hapa. Katika mafaili niliyoyakuta, karibu kila mtoto mwenye ulemavu aliyeacha shule ameandikiwa sababu moja: wazazi wanamwonea aibu. Nami niliamini. Mara kwa mara tuliwaita wazazi ukumbini, tukawahubiria juu ya aibu, wakanywa soda, wakaenda zao. Watoto hawakurudi shule.

Mwezi wa Juni mwaka jana nilikwenda Ramisi, nyumbani kwa mama mmoja aitwaye Dama. Mumewe anakata miwa. Binti yao, Jemima, alikuwa na miaka tisa wakati huo, na miguu yake haina nguvu tangu alipozaliwa. Alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima. Nikaianza hotuba yangu ya aibu. Dama alinisikiliza hadi akachoka, akauweka chini ungo aliokuwa akipepetea mchele.

"Nimwonee haya huyu?" akasema. "Huyu nimembeba mgongoni kanisani, sokoni, hata kwenye harusi za watu. Haya, mbebe wewe umpeleke shule. Mimi nitakufuata nyuma."

Nikambeba. Njia yenyewe ni mchanga mtupu, na katikati kuna mfereji wa kuruka. Sikufika hata nusu. Mzigo ulinishinda, nikaanguka katikati ya miwa na mtoto wa watu mgongoni. Jemima alicheka hadi akapaliwa.

"Mama alikuwa anafika mpaka shuleni," akaniambia. "Lakini wakati huo nilikuwa mdogo."

Maneno hayo yalinikaa kichwani. Kumbe mtoto ametaja sababu ambayo haimo katika faili hata moja. Nikaomba ofisini nipewe muda na usafiri niwaulize wazazi wengine. Nikajibiwa kwa upole kwamba fungu la utafiti wa kazi yetu halipo.

Basi nikaungana na Kahaso, msichana wa Kinango aliyekuwa akimalizia masomo yake ya kazi ya jamii. Jumamosi zetu za miezi mitano zilikwisha kwenye nyumba za watu, kutoka Ramisi hadi nyuma ya Ukunda, tukibeba mizani tuliyoiazima zahanati. Tuliuliza machache, tukasikiliza mengi, tukawapima watoto uzito. Mara mbili tulikimbizwa na mbwa, na mara moja Kahaso alichumbiwa na mzee mmoja katikati ya mahojiano.

Tulifika nyumba sitini na moja. Habari ya aibu tuliisikia katika nyumba nne tu. Watoto arobaini na watatu walikuwa wameacha shule wakiwa na miaka minane hadi kumi, na karibu wote kwa jambo lile lile: walikuwa wamekua, na mama zao hawakuweza tena kuwabeba. Basi, ni hilo tu. Miaka yote hiyo tulikuwa tukitibu aibu ambayo haikuwapo.

Mwezi wa Machi kukawa na kikao cha wananchi kutoa maoni ya bajeti, pale Ukunda. Nikapewa dakika tatu. Niliomba serikali itenge fungu la kudumu la utafiti wa kazi ya jamii. Nikasema mihogo yetu inafanyiwa utafiti, minazi inafanyiwa utafiti; binadamu je?

Mmoja wa waliokaa meza ya mbele akaniuliza, "Dada, utafiti si kazi ya vyuo vikuu? Watu wa hapa wanataka miradi." Ukumbi ukavuma kumuunga mkono. Nikaanza kuipekua ripoti tuliyoiandika mimi na Kahaso, Shangazi, niwasomee hesabu zetu.

Ndipo nikaisikia sauti ya Dama kutoka viti vya nyuma. Wala sikujua kuwa amekuja.

"Mimi nimeitwa semina tatu kuambiwa nisimwonee mwanangu aibu," akasema. "Tatu! Soda nilikunywa. Lakini hakuna aliyeniuliza kwa nini mtoto haendi shule, isipokuwa huyu, naye aliuliza baada ya kuanguka kwenye miwa. Mnataka miradi. Mradi gani, nanyi hamjui tunaumwa wapi?"

Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi, na akina mama wauza samaki waliokuwa ukumbini wakapiga vigelegele. Yule bwana naye akacheka, akaiomba ripoti yetu, akaanza kuisoma pale pale.

Mwisho wa Juni bajeti ikapita, na ndani yake umo mstari mmoja: utafiti wa ustawi wa jamii, watu wawili, mwaka mmoja. Si fungu la kudumu nililoliomba, na mwakani nitarudi kuliomba tena. Lakini Kahaso ameajiriwa, nami sasa nauliza maswali yangu siku za kazi.

Watoto nao hawakuingoja bajeti. Binamu yetu Kibwana, mwenye tuk-tuk hapa Msambweni, aliposikia sababu tuliyoigundua alikubali kuwapitia watoto wa Ramisi kila asubuhi. Sita wamerudi shule tangu Mei. Jemima amejipa kazi ya kuita majina, na anayechelewa kutoka nyumbani humkaripia kama mwalimu mkuu.

Sasa nina ombi. Mwezi ujao kuna kamati Nairobi itakayopokea maoni kwa maandishi, kuhusu serikali kugharamia utafiti kama huu nchi nzima. Naomba na wewe uandike. Ulifundisha hapa miaka ishirini na sita. Lazima yuko mtoto mmoja aliyetoweka darasani kwako, ukawa unaliita jina lake asubuhi baada ya asubuhi, na hakuna aliyekwambia kwa nini haji. Mwandike huyo, Shangazi. Mtaje kwa jina na kijiji chao. Maoni yako nitayapeleka mwenyewe, na huyo mtoto, hata kama sasa ni mtu mzima, inshallah nitakwenda kumwuliza.

Nisalimie sana mwanao Feisal, mkewe na watoto. Baba anakusalimu, Ummi anakusalimu, na kichanga chake ndicho kinachokusalimu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akupe afya na umri mrefu, atukutanishe tukiwa wazima na wenye furaha. Amin.

Ni mimi mwanao nikupendaye na kukukumbuka,

Husna Abdulaziz