Beringi ya Tatu Mwaka Huu, na Bado Nina Ahadi Kizimkazi

Mshauri wetu mpendwa, nakuomba unisaidie kabla sijaonekana muongo kwa wakwe zangu, maana nilipomuoa Mwanakheir, mamake, Bi Mwatum, alikubali mwanawe aje kukaa mjini kwa sharti moja tu, kila Ijumaa nimpeleke Kizimkazi waonane, nami nikanunua pikipiki yenye kigari cha ubavuni, na kwa miaka miwili tumekwenda kwa furaha hatukukosa hata Ijumaa moja, lakini kila tunapoaga Bi Mwatum hujaza kigari mihogo frasila mbili, nazi arubaini na mkungu wa ndizi, mke wangu akakaa juu yake, na nikisema mzigo umezidi hunambia, "Mwanangu, punda wangu hubeba zaidi, na yeye hanywi petroli," wakacheka wote, na zawadi ya mkwe siwezi kuikataa, basi mwaka huu beringi ya mkono wa pistoni imekwisha mara mbili na ya tatu nayo inagonga, fundi anasema sababu ni mzigo, niiuze pikipiki, na mie nashangaa kwa sababu nnaitunza kama yai, tangu siku ya kwanza baba mkwe, Mzee Makungu, aliponikanya nisipite nikinguruma mbele ya baraza anayokaa na wazee wenzake, huweka gia ya nne nikenda polepole hivyo hivyo mpaka mjini, iwe kilimani iwe mchangani, bila kelele. Nikiiuza, Ijumaa zetu zimekwisha. Nifanye nini?

Matar, fundi cherehani, Mlandege

Matar,

Usiiuze. Unatimiza ahadi na wakwe wanakupenda. Wengi wanaoniandikia hawana hata kimoja katika hayo. Lakini injini unaiua mwenyewe, kwa adabu.

Nimemsomea barua yako fundi mwengine. Nilipofika kwenye gia ya nne aliweka spana chini. "Huyo haitunzi," alisema, "anaiponda." Injini inayokokota frasila kumi na mbili, watu na mzigo, kwa gia kubwa na mwendo mdogo haisukumi oili ya kutosha, na kila pigo la pistoni huangukia beringi ile ile. Mzigo una makosa yake, ila wewe umeuongezea nyundo.

Mzee Makungu alikukataza kunguruma mbele ya baraza. Baraza yake ina urefu gani, hata ifike Mlandege?

Tia beringi mpya, na oili uibadilishe kila maili mia tano. Penye kilima au mchanga, teremsha mpaka gia ya pili, iache ingurume. Ukikaribia baraza izime, shuka, isukume, waamkie wazee, uwashe ukishawapita mbali. Zawadi pokea zote kwa mikono miwili, mihogo ije kesho yake na gari la abiria. Bi Mwatum akikutajia tena punda, cheka naye, kisha mwambie punda huyo hajapata kumletea Mwanakheir hata Ijumaa moja.

Na Ijumaa hii Bi Mwatum akusikie ungali mbali, ateleke chai.