Zamu ya Maji ya Mama Angelina

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Siku ya tatu programu yangu inagoma kuunganishwa na database. Siku ya tatu! Chuo kimenileta field hapa ushirika wa zabibu, Mkonze, niwahamishie daftari la zamu za maji liingie kwenye mfumo. Mzee Yotham, katibu, kaja na kikombe chake cha chai, kauliza mbona daftari lake halijawahi kuomba nywila. Nimecheka kwa adabu. Moyoni — acha tu.

Jumatano, 10 Septemba
Imekubali! Kosa lenyewe: nafasi moja tupu mwisho wa nywila. Nilitaka kulia. Kuingiza, kusoma, kurekebisha, kufuta — vyote vinafanya kazi. Kaya zote 140 zimo. Mzee Yotham kashika haraka, na kaamuru msimamizi wa mfereji afuate orodha ya kompyuta tu.

Alhamisi, 11 Septemba
Najuta kumfundisha kufuta. Kwenye daftari, mtu akifariki, Mzee humpigia mstari mwekundu, jina la mke linabaki palepale chini yake. Leo kamfuta Abeli, aliyezikwa Jumamosi. Jina lake limeondoka na mke, shamba na zamu ya kesho! Nami ndiye niliyeandika hivyo: mkuu wa kaya akifutwa, vyote vyake vinafutika. Mjinga mimi.

Ijumaa, 12 Septemba
Mama Angelina, mjane wa Abeli, kafika mapema. Mizabibu yake ndiyo kwanza inachipua. Maji yakimpita leo, mpaka wiki mbili tena. Namwandikisha upya, fomu inakataa: "Jaza jina la mume." Nani kaandika upuuzi huu? Mimi!

Mzee anashauri niweke jina la shemeji wa Mama, Cornel, tuwahi orodha inayokwenda kwa msimamizi wa mfereji saa nne. Mama akasema taratibu kwamba Cornel ameshaanza kulipima shamba kwa hatua. Niandike jina lake yeye mwenyewe.

Saa nne kasoro dakika tano. Nimeondoa sharti la mume. Mkuu wa kaya: Angelina. Nimebonyeza hifadhi. Kiduara kinazunguka tu. Naandika hapa nisije nikaipiga kompyuta ngumi. Pikipiki ya Cornel imesimama nje; nasikia shikamoo yake kwa Mzee, tamu kupita kiasi. Mama hageuki. Macho yake yako kwenye kioo, na yangu pia. "Inaunganisha…"

Unganisha basi!